Jina Kando ya Mlinganyo: Nani Mwenye Kanuni za Fizikia?

Ubao utajaa herufi za Kilatini. Kila herufi itafafanuliwa pale itakapojitokeza, na asiyewahi kusoma fizikia hataachwa njiani.

Mhadhara huu unakusudia kuchunguza zoezi moja dogo linalojulikana na karibu kila aliyepitia darasa la fizikia, nalo ni lile la kuoanisha. Orodha A ina milinganyo, Orodha B ina majina ya wanasayansi, na mtahiniwa anatakiwa kuandika herufi ya jina mbele ya namba ya mlinganyo. F = ma ni ya Newton, V = IR ni ya Ohm, E = mc² ni ya Einstein, na alama zimepatikana. Mlinganyo, kwa maana inayotumika hapa, ni sentensi iliyoandikwa kwa alama, inayodai kwamba kiasi kilicho upande wa kushoto ni sawa na kilicho upande wa kulia, na kwamba kila kiasi hicho kinaweza kupimwa. Dai la mhadhara huu ni kwamba majibu ya zoezi hilo si ya uongo, lakini yanaficha maswali kadhaa ndani ya jina moja: nani aliuona uhusiano huo, nani aliuandika kwa alama zinazotumika leo, nani aliipima namba iliyomo ndani yake, na nani aliutangaza hadi wengine wakaanza kuutumia. Ni nadra mtu mmoja kuyafanya yote. Mwanafunzi anayefunzwa kuoanisha bila kufunzwa kuuliza jina hili limekaa hapa kwa kazi ipi, anaondoka na picha ya sayansi isiyofanana na sayansi yenyewe.

Hoja ya kwanza ni kwamba aliyeigundua kanuni mara nyingi siye aliyeiandika kwa sura inayokaririwa. Mfano ulio karibu ni F = ma, ambamo F ni kani, yaani msukumo au mvuto unaokifanyia kazi kitu; m ni tungamo, yaani kiasi cha mata kilichomo katika kitu hicho; na a ni mchapuko, yaani kadiri mwendokasi unavyobadilika kwa kila sekunde. Isaac Newton alichapisha Principia mwaka 1687, kwa Kilatini, na hoja zake akazijenga kwa jiometria, kwa mistari na pembetatu na maduara, kwa namna ya Wagiriki wa kale. Kanuni yake ya pili ya mwendo imo humo kwa maneno: badiliko la mwendo lina uwiano na kani iliyotumika, na hutokea katika mstari ule ule ambao kani hiyo imeelekea. Anayekipekua kitabu kizima akitafuta F = ma atalifunga jalada bila kuiona. Aliyeuandika uhusiano huo kwa kalkulasi, yaani hesabu za mabadiliko madogo madogo, na kuutangaza kuwa ndio msingi wa mekanika yote, ni Leonhard Euler, Mswisi aliyekuwa akifanya kazi katika Akademia ya Berlin, katika makala aliyoiwasilisha mwaka 1750 na kuchapishwa mwaka 1752, zaidi ya miaka 60 baada ya Principia. Hata huko milinganyo ilikuwa mitatu, mmoja kwa kila mwelekeo wa anga, na ilibeba namba 2 upande mmoja kwa sababu ya vizio alivyovichagua Euler. Mtahiniwa wa leo angeiona, angedhani imekosewa.

Je, Newton apokonywe kanuni yake? Hapana, na yeyote atakayetoka ukumbini akidai hivyo atakuwa amesikiliza nusu. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Na Newton wala si mnyonge. Ni yeye aliyeuweka kuwa kanuni ya msingi uoni kwamba kani inahitajika ili kubadilisha mwendo, wala si ili kuuendeleza, na kanuni hiyo ilisaidia kuuvunja mshiko wa karne nyingi wa mafundisho ya Aristotle. Lakini Euler ndiye aliyeufanya uoni huo kuwa chombo ambacho mhandisi anaweza kukichukua na kukitumia kwenye daraja, kwenye maji yanayotiririka au kwenye sayari, bila kuanza kuchora pembetatu upya kila mara.

Einstein naye, anayedhaniwa kuwa hana mshindani katika orodha yoyote, hakuiandika E = mc² katika makala yake ya kwanza kuhusu jambo hilo. Makala hayo mafupi, ya kurasa tatu, yalipokewa na jarida la Annalen der Physik tarehe 27 Septemba 1905. Yanasema kwa maneno kwamba kitu kikitoa nishati L kwa njia ya mnururisho, tungamo yake hupungua kwa L iliyogawanywa kwa V², V ikiwa ni mwendokasi wa mwanga. Herufi zilibadilika baadaye. Wazo ni lake; fulana zinazouzwa zikiwa na E = mc² zimechapishwa kwa mwandiko wa wakati uliofuata.

Hoja ya pili ndiyo itakayochukua muda mrefu zaidi, nayo ni kwamba jina humfuata aliyetangaza kuliko aliyetangulia. Hapa ushahidi ulio bora unapatikana katika V = IR. V ni volteji, yaani msukumo unaoufanya umeme usafiri. I ni mkondo wa umeme unaopita. Na R ni ukinzani, yaani kadiri waya unavyouzuia mkondo huo. Kila kitabu cha shule kinauita mlinganyo huu Kanuni ya Ohm.

Georg Simon Ohm alizaliwa Erlangen, Ujerumani, mwaka 1789, mtoto wa fundi wa makufuli, na wakati wa kazi yake kubwa alikuwa mwalimu wa sekondari mjini Köln. (Walimu wa sekondari waliopo hapa wana haki ya kuketi wima zaidi kidogo.) Vyombo vingi alivitengeneza kwa mikono yake, na shida yake ya kwanza ilikuwa betri. Betri za zama hizo zilikuwa zikichoka jaribio likiendelea, hivyo mpimaji hakuweza kujua kama mkondo umepungua kwa sababu ya waya au kwa sababu ya betri yenyewe. Kwa ushauri wa mwanafizikia Poggendorff, Ohm aliiacha betri na kutumia ugunduzi uliofanywa na Seebeck mwaka 1821: vipande vya metali mbili tofauti, katika kesi hii shaba na bismuthi, vikiunganishwa na kiungo kimoja kikawekwa kwenye maji yanayochemka na cha pili kwenye barafu, umeme hutokea, nao hauyumbi maadamu tofauti ya joto haiyumbi. Kisha akachukua nyaya nane za shaba zenye unene mmoja na urefu tofauti, kuanzia inchi 2 hadi inchi 130, akaziweka moja baada ya nyingine, na kila mara akapima ni kiasi gani sindano ya sumaku, iliyoning'inizwa kwa utepe mwembamba, ilivutwa na mkondo unaopita.

Alichokipata mwaka 1826 hakikuwa V = IR. Kilikuwa X = a/(b + x): X ni nguvu ya mkondo kama ilivyopimwa kwa sindano, x ni urefu wa waya, a inategemea tofauti ya joto, na b inawakilisha sehemu nyingine zote za sakiti. Msikilizaji atakayeitazama kwa makini ataona kwamba ni kanuni ile ile, ila imevaa nguo za kazi: volteji imo ndani ya a, ukinzani wa waya umo ndani ya x, na ule ukinzani wa chanzo cha umeme ambao mitihani mingi huusahau umo ndani ya b. Mlinganyo wa Ohm mwenyewe, kwa maana hiyo, unasema mengi kuliko ule unaobeba jina lake. Mwaka uliofuata alichapisha kitabu mjini Berlin akiieleza kanuni hiyo kwa hesabu, kikapokewa kwa ubaridi nchini mwake, naye akaiacha kazi ya Köln. Heshima ilimfikia kutoka London, Royal Society ilipomtunuku Nishani ya Copley mwaka 1841.

Sasa, miaka 46 kabla ya kitabu hicho, kanuni ile ile ilikuwa imekwishaonekana katika nyumba ya tajiri mmoja mpweke wa London. Henry Cavendish hakuwa na galvanometa, chombo cha kupimia mkondo, kwa sababu kilikuwa bado hakijabuniwa. Alijaza maji ya chumvi katika mirija ya vioo, akapitisha umeme kutoka kwenye chupa za Leyden, ambazo zilikuwa ghala za umeme za wakati huo, na umeme huo ukapita kwenye mrija kisha kwenye mwili wake mwenyewe. Alilinganisha ukali wa mshtuko: mrija huu, kisha ule, kisha huu tena, akirekebisha urefu wa maji hadi mishtuko miwili ikawa sawa. Kwa njia hiyo ya kutisha alifikia, mwanzoni mwa mwaka 1781, hitimisho kwamba mkondo una uwiano na msukumo unaousukuma. Kisha akayaweka madaftari yake kabatini. Alifariki mwaka 1810. Madaftari hayo yalihaririwa na James Clerk Maxwell na kuchapishwa mwaka 1879, miaka 25 baada ya Ohm kufariki, na inajulikana kwamba Maxwell alilirudia jaribio hilo kwa mwili wake ili ajiridhishe kwamba binadamu anaweza kweli kuwa kipimo.

Watu wawili, basi, na kanuni moja. Hukumu ya mhadhara huu ni kwamba jina la Ohm lilistahili kukaa pale lilipo. Cavendish alijua, lakini kujua kwake hakukumsaidia mtu yeyote kutandika waya wa telegrafu wala kukadiria unene wa kebo. Ohm alichapisha, akakosolewa, akatetea, na wengine wakarudia vipimo vyake. Maarifa yaliyofungiwa kabatini ni mali binafsi, na sayansi ni ya umma. Hata hivyo mwalimu anayemtaja Ohm bila kumtaja Cavendish anawanyima wanafunzi nafasi ya kuelewa kwa nini makala ya kitaaluma huchapishwa.

Wapo pia waliotenda kinyume na ilivyozoeleka. Jacques Charles alichunguza kutanuka kwa gesi kunakosababishwa na joto mnamo mwaka 1787 na hakuchapisha. Joseph Gay-Lussac alipochapisha vipimo vyake mwaka 1802 alimtaja Charles, ndiyo maana jina la Charles lipo vitabuni hadi leo. Ungwana huo si wa kawaida katika historia ya sayansi, na unastahili kutajwa darasani angalau kwa sentensi moja.

Kabla ya kuiacha hoja hii, kuna jambo linaloigusa moja kwa moja kanda ya Afrika Mashariki na Kati. Uhusiano kati ya kanieneo ya gesi, yaani kani inayosukuma kila kipimo cha eneo la chombo, na ujazo wake, ulichapishwa na Robert Boyle mwaka 1662, kisha na Edme Mariotte, Mfaransa, katika miaka ya 1670. Kanuni ya kupinda kwa mwanga unapopita kutoka hewani kwenda kwenye kioo inaitwa kwa Kiingereza kanuni ya Snell, na katika vitabu vya Kifaransa huitwa kanuni ya Descartes, au kwa majina yote mawili. Kwa hiyo mwanafunzi aliyesoma kwa Kifaransa Bujumbura au Lubumbashi, na mwenzake aliyesoma kwa Kiingereza Morogoro au Kisumu, wanaweza kuandika majina tofauti mbele ya mlinganyo ule ule, na kila mmoja akapata alama zake zote. Majina hayo yaliletwa pamoja na lugha za kufundishia.

Na mlinganyo wa kupinda kwa mwanga una mzizi mrefu zaidi. Willebrord Snellius wa Leiden aliufahamu mwaka 1621 na akafariki mwaka 1626 bila kuuchapisha. Descartes aliuchapisha mwaka 1637. Thomas Harriot wa Uingereza alikuwa ameufikia mapema kuliko wote wawili, naye pia hakuchapisha. Lakini karibu mwaka 984, mjini Baghdad, Ibn Sahl aliandika risala juu ya vioo na lenzi za kuunguzia, na katika michoro yake ya pembetatu mna uwiano wa urefu wa mistari ambao, ukiandikwa kwa sini za pembe, ndio kanuni hiyo hiyo. Mwanahistoria Roshdi Rashed ndiye aliyeutambua uwiano huo na kuutangaza kwa wasomi wa leo mwishoni mwa karne ya 20. Ibn Sahl aliutumia kwa kazi ya vitendo, yaani kubuni umbo la lenzi litakaloukusanya mwanga mahali pamoja.

Hoja ya tatu inaihusu ile namba inayokaa kimya ndani ya mlinganyo. Milinganyo mingi ina konstanti, yaani namba isiyobadilika, ambayo bila yake mlinganyo husema "kadiri hiki kinavyozidi na kile huzidi" lakini hausemi kiasi. Kanuni ya Newton ya mvutano inafundishwa leo ikiwa na konstanti G, na mtahiniwa huandika Newton bila kusita. Newton hakuwa na G. Jaribio linalohusishwa nayo ni la Cavendish, yule yule wa mirija ya chumvi, lililochapishwa mwaka 1798 kwa kutumia mizani ya msokoto iliyobuniwa na mchungaji John Michell, ambaye alifariki kabla ya kuitumia. Mipira miwili ya risasi, kila mmoja wa takriban kilo 158, ilisogezwa karibu na mipira midogo iliyoning'inizwa kwenye ufito, na Cavendish, akiwa nje ya chumba ili joto la mwili wake lisiivuruge hewa, alitazama kwa darubini jinsi ufito ulivyojisokota kidogo sana. Na yeye pia hakuandika G: alitafuta densiti ya dunia, yaani tungamo ya dunia kwa kila kipimo cha ujazo, akapata mara 5.48 ya densiti ya maji, ilhali thamani ya leo ni takriban 5.51. Herufi G iliingia katika matumizi karibu miaka 100 baadaye. Mlinganyo mmoja, basi, umepita mikononi mwa vizazi kadhaa na umebakiwa na jina moja.

Katika makaburi makuu ya Vienna kuna jiwe la kaburi la Ludwig Boltzmann lililochongwa mlinganyo S = k log W. S ni entropia, kipimo kinachohusiana na idadi W ya namna ambazo chembe za kitu zinaweza kujipanga bila hali yake ya nje kubadilika. Wazo ni la Boltzmann, la mwaka 1877. Lakini aliyeuandika kwa sura hiyo, na kuiingiza konstanti k ndani yake, ni Max Planck, mwaka 1900. Konstanti hiyo inaitwa ya Boltzmann, na konstanti nyingine, h, ikabaki kuwa ya Planck mwenyewe. Tangu tarehe 20 Mei 2019 zote mbili zimewekewa thamani za kudumu zinazotumika kufafanulia vizio vya kimataifa, na kelvini ya kupimia joto inatokana na k hiyo hiyo.

Hoja ya nne ni ya upande wa pili wa mizani: yapo majina yaliyostahili kuandikwa na hayakuandikwa kabisa. Mitihani hupenda "milinganyo minne ya Maxwell", inayoeleza jinsi umeme na usumaku unavyozaana na kusafiri angani kama wimbi. Katika makala yake aliyoyasoma Desemba 1864 na kuchapishwa mwaka 1865, Maxwell aliandika milinganyo 20 yenye viasi 20 visivyojulikana. Aliyeipunguza hadi minne ni Oliver Heaviside, mzaliwa wa Camden Town, London, aliyeacha shule akiwa na miaka 16, akafanya kazi ya telegrafu hadi mwaka 1874, kisha akakaa nyumbani akijifundisha kitabu cha Maxwell peke yake, masikio yake yakiwa hayasikii vizuri. Mnamo mwaka 1885 alianza kuichapisha sura mpya katika The Electrician, gazeti la mafundi umeme. Alitumia vekta, yaani viasi vyenye ukubwa na mwelekeo kwa pamoja, hivyo mstari mmoja ukachukua nafasi ya mitatu; na viasi vya kusaidia hesabu ambavyo havipimiki moja kwa moja akavitoa, akaacha uga wa umeme na uga wa sumaku tu, uga ukiwa ni hali ya nafasi inayokizunguka chaji au sumaku. Heinrich Hertz, aliyethibitisha kuwapo kwa mawimbi hayo kwa vitendo, alifikia sura inayofanana na hiyo, na akakiri kwamba Heaviside alimtangulia.

Ukiitazama minne hiyo mmoja mmoja, mambo yanazidi kuchanganyika. Wa kwanza huitwa wa Gauss. Wa tatu huitwa wa Faraday, ingawa Michael Faraday, aliyegundua mwaka 1831 kwamba sumaku inayosogea huzalisha umeme katika waya, hakuandika milinganyo. Alichora mistari ya kani na kueleza kwa maneno. Wa nne huitwa wa Ampère, na Ampère hakuuandika kwa sura hiyo. Sehemu yake iliyo muhimu kuliko zote, ile inayoruhusu wimbi kusafiri mahali pasipo na waya, iliongezwa na Maxwell. Jina la Heaviside halionekani popote katika minne hiyo. Mtunga mtihani anayeweka Gauss, Faraday, Ampère na Maxwell kwenye Orodha B moja anawataka watahiniwa wakisie nia yake.

Hoja ya tano ni fupi: majina yanaweza kurekebishwa, na utaratibu upo. Kanuni isemayo kwamba kadiri galaksi ilivyo mbali ndivyo inavyotukimbia kwa kasi zaidi, v = Hd (v ni kasi hiyo, d ni umbali, na H ni konstanti), ilijulikana kwa jina la Edwin Hubble kutokana na makala yake ya mwaka 1929. Georges Lemaître, padri wa Ubelgiji na mwalimu wa Louvain, alikuwa ameifikia kutoka kwenye milinganyo ya Einstein na kukadiria kasi hiyo mwaka 1927, kwa Kifaransa, katika jarida la Brussels lililosomwa na wachache. Tafsiri ya Kiingereza ilipotoka mwaka 1931, aya zenye makadirio hayo hazikuwamo, na kwa miaka mingi watu walishuku mkono wa mhariri, hadi barua zilipochunguzwa mwaka 2011 na kuonekana kwamba Lemaître mwenyewe ndiye aliyetafsiri na kuziacha, kwa sababu hakuona faida ya kuchapisha tena namba zilizopitwa na wakati. Mwaka 2018 wanachama wa Umoja wa Kimataifa wa Astronomia walipiga kura, na asilimia 78 wakakubali ipendekezwe iitwe kanuni ya Hubble–Lemaître. Vesto Slipher, aliyepima mwendokasi wa galaksi nyingi za mwanzo ambazo hesabu zote mbili zilizitegemea, hakupata nafasi katika kura hiyo.

(Wanaotabasamu katika safu za nyuma huenda wanaikumbuka sheria ya Stigler, aliyoitangaza mtakwimu Stephen Stigler mwaka 1980, kwamba hakuna ugunduzi unaobeba jina la mgunduzi wake wa kwanza. Stigler mwenyewe alisema sheria hiyo ni ya Robert Merton.)

Hoja ya mwisho inageuza zoezi la kuoanisha juu chini, kwa kuwa lipo jina la Mtanzania ambalo limo vitabuni na halina mlinganyo. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa kidato cha tatu Magamba, alipokuwa akitengeneza aiskrimu shuleni aliyaweka maziwa kwenye jokofu yakiwa bado ya moto ili asipoteze nafasi, na yakaganda kabla ya yale ya mwenzake yaliyoingia bila kuchemshwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, aliliuliza jambo hilo katika somo la kanuni ya Newton ya kupoa, na jibu lilikuwa kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, wala si ya ulimwengu. Kanuni yenyewe, ambayo Newton aliichapisha mwaka 1701 bila kuweka jina lake, husema kwamba kasi ya kitu kupoa ina uwiano na tofauti kati ya halijoto yake na ya mazingira. Kwa kanuni hiyo mwalimu hakuwa na kosa: maji yaliyoanza kwenye nyuzi 100 hayana budi kupita kwenye nyuzi 35 kabla ya kuganda, na yakifika hapo yataifuata njia ile ile iliyofuatwa na yale yaliyoanzia 35, yakiwa nyuma kwa muda wote uliokwisha kutumika. Mpemba alimuuliza Denis Osborne wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, kwa namba hizo hizo, 100 na 35. Osborne alijaribu badala ya kucheka, na makala yao yakachapishwa mwaka 1969 katika jarida la Physics Education.

Aristotle, Francis Bacon na Descartes waliwahi kuligusia jambo hilo. Jina likaenda kwa kijana wa Magamba kwa sababu ile ile iliyompa Ohm haki yake: aliliuliza mbele ya watu, kwa namba, hadi likapimwa. Wapo watafiti ambao, katika vipimo vyao vya mwaka 2016, hawakuliona likitokea kwa uhakika, na wapo wanaolieleza kwa mvukizo, kwa mizunguko ya maji ndani ya chombo au kwa gesi zilizoyeyuka. Mlinganyo unaokubaliwa na wote bado haujaandikwa. Katika orodha za kuoanisha, nafasi iliyo mbele ya jina la Mpemba iko wazi, na kuijaza kunahitaji jokofu, vipimajoto vya kutosha na subira ya kurudia jaribio mara nyingi. Vitu hivyo vinapatikana katika maabara za vyuo vingi vya kanda hii.

Kwa walimu waliopo, mapendekezo mawili yanaweza kuanza muhula ujao. La kwanza ni Orodha C: mbele ya kila jina, mwanafunzi aandike mtu huyo alifanya nini, yaani aliona, aliandika, alipima au alitangaza, na mwaka. La pili ni nyaya za Ohm. Waya wa ukinzani, rula ya mita, betri na ammita, yaani kipimamkondo, vinatosha kwa darasa zima kurudia vipimo vya Köln na kuchora grafu ya urefu dhidi ya kinyume cha mkondo. Mstari hautapita kwenye sifuri, na pale utakapoukata mhimili, mwanafunzi atakutana na b.

Mhadhara utakaofuata katika mfululizo huu utashughulikia mlinganyo wenye majina mawili kwa haki, ule wa takwimu za Bose na Einstein. Mwaka 1924 Satyendra Nath Bose alimwandikia Einstein barua kutoka Dhaka akiambatanisha makala mafupi, na Einstein akayatafsiri kwa Kijerumani na kuyapeleka kuchapishwa kwa jina la Bose. Wenye nia ya kuhudhuria wanaombwa kuja na kumbukumbu ya S = k log W, kwa sababu hesabu ya Bose inaanzia kwenye W hiyo hiyo, kwa swali la jinsi ya kuzihesabu chembe ambazo haziwezi kutofautishwa moja na nyingine.